Laini Safi Kuliko Zote

Mume wangu hapendi kupokea simu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaudhi ndugu zake wote, na ndilo lililoniudhi mimi kabla sijazoea. Mtu anayekula kwa kazi ya simu, ikilia ya kwake anaitazama tu mpaka inyamaze.

"Ipokee," huwa namwambia.

"Itakatika yenyewe."

"Ndiyo maana uipokee kabla haijakatika."

Anaigeuza kifudifudi juu ya meza na kuuliza kama chai ipo. Hapo ujue siku ilikuwa mbaya kazini, na siku mbaya kazini kwake ndizo nyingi.

Kazi yenyewe ni kuandika programu za simu za intaneti. Ukipiga, sauti yako inakatwakatwa vipande vidogo, inasafiri kwenye mtandao pamoja na picha za watu na barua za maofisi, halafu inaungwa tena upande wa pili. Alinieleza hivyo tulipokuwa wachumba, na nikampenda zaidi, maana alieleza kwa mikono yote miwili. Sasa mimi ni mke wa siku nyingi na nimeshajua kwamba hivyo vipande havifiki vyote, na visivyofika ni kosa la mume wangu. Mtandao ukilala, ni yeye. Umeme ukikatika kwa mteja, ni yeye. Kuna ofisi moja ilimlalamikia kwamba simu zinakufa kila siku saa ileile, wakaapa kwamba hawajagusa kitu. Akaandika, akafuta, akaandika upya, nywele zikaanza kumtoka. Mwisho akaenda mwenyewe, akakuta mhudumu wao anachomoa mtambo wa intaneti ukutani ili achomeke birika la chai. Aliporudi nyumbani hakucheka. Mimi nilicheka, naye akaninunia mpaka kesho yake.

Ndugu ndio hawaelewi kabisa. Kwao, mtu wa kompyuta ni mtu wa kila chenye waya. Shemeji yangu anamletea pasi. Jirani wa ghorofa ya juu anamletea redio. Wote wanamwita Fundi, naye jina halipendi, lakini nimegundua kwamba nikimwita hivyo mimi anatabasamu kidogo upande mmoja, kwa hiyo naendelea.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule, sketi na mashati na kaptula, na cherehani yangu ni ile ya chuma ya kukanyaga, ina sauti. Hilo nalikubali. Siku ambazo mume wangu anafanyia kazi nyumbani, yeye yuko mezani sebuleni na vifaa vyake masikioni, mimi niko chumba kidogo nakanyaga, na wenzake kwenye mkutano wanamuuliza kama yuko kiwandani. Mwanzoni alikuwa anakuja mlangoni na kuniomba nipumzike dakika chache. Wazazi nao wanataka sare kabla shule hazijafunguliwa. Basi tukagombana, siyo ugomvi wa kuvunja vyombo, ugomvi wa kuwekeana chai mezani bila kusema karibu.

Kutokana na ugomvi ule ndipo kilipozaliwa kile kitu chake alichokiita kisafisha. Ni programu ndani ya programu. Kazi yake ni kusikiliza kila sauti inayoingia kwenye simu na kuamua: hii ni ya mtu anayeongea, ipite, hii siyo, ifutwe. Alikitengeneza kwa miezi, na sauti aliyokifundishia ni cherehani yangu. Alikuwa ananiambia, "Kanyaga, mke wangu, kanyaga kwa nguvu," na mimi niliyekuwa nimekatazwa nakanyaga kama mwendawazimu. Siku kilipofanikiwa aliniita nisikilize. Akanirekodi nikiwa nashona huku yeye anaongea, kisha akacheza ile rekodi. Alisikika yeye peke yake. Nyuma yake kulikuwa na kimya cha ajabu, wala hakuna wa kukwambia kwamba kwenye nyumba ile kulikuwa na mwanamke anatafuta riziki.

"Umenifuta," nikamwambia.

"Nimefuta kelele."

Alifurahi mno kuona kwamba nimekasirika.

Ofisini walimbeba juu juu. Bosi wao, bwana mmoja anayevaa suti hata siku za joto na kumwita kila mtu kijana wangu, alisema kisafisha ndicho kitakachowatoa. Wateja wanaopigiana simu barabarani, sokoni, kwenye gereji, wote wangesikika kana kwamba wako maktaba. Wakakitia kwenye toleo jipya la programu yao, na kila aliyekuwa na programu ile kwenye simu yake akakipata bila hata kuulizwa.

Mmoja wa hao waliokipata bila kuulizwa alikuwa baba mkwe wangu.

Sasa ngoja nimweleze huyu mzee. Ni seremala. Alijenga nusu ya milango ya mtaa wao, na mpaka leo akiingia nyumba ya mtu anapitisha kidole kwenye fremu kabla hajasalimu. Alikuwa na sauti nene na maneno mengi. Kisha akapata uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji, akapona, lakini sauti haikurudi. Ukiwa naye ana kwa ana anakuelewesha kwa midomo na mikono, na dada yake anayekaa naye, yaani shangazi wa mume wangu, anamsoma vizuri tu. Kuandika hawezi, kwa sababu macho yake siku hizi yanaona watu lakini hayaoni herufi.

Kwa hiyo walitafuta njia yao. Mume wangu alimwekea ile programu ya kazini kwenye simu, kwa kuwa mtandao wa simu za kawaida kule kwao ni wa kubahatisha na video ilikuwa inaganda kila mara. Wakakubaliana kwamba mzee atagonga. Akigonga mara moja ni ndiyo, akigonga mara mbili ni hapana. Anagonga kwa kifundo cha kidole kwenye meza yake ya kazi, simu ikiwa imelala pembeni. Seremala anajua kugonga ubao. Mimi nilikuwa nakaa karibu nasikiliza, na naapa kuna kugonga kwa utani na kugonga kwa hasira. Mume wangu akimuuliza, "Baba, umekunywa dawa?" ilikuwa inakuja tok moja ya haraka haraka, ya kuongopa, na sote tunaijua. Ndiyo simu pekee ambayo mume wangu hakuwahi kuigeuza kifudifudi.

Halafu shangazi akaanza kuumwa miguu. Watoto wake wakasema wanamchukua akakae kwao. Kwa hiyo mzee angebaki peke yake, nusu kipofu, bila sauti ya kuita jirani. Tulizungumza, mimi na mume wangu, na haikuchukua muda. Nikatoa cherehani kwenye chumba kidogo nikaihamishia sebuleni, karibu na dirisha. Tukapaka rangi. Mume wangu akanunua kitanda, na mimi nikashona pazia zito, kwa sababu mzee hapendi jua la asubuhi. Kilichobaki kilikuwa kumuuliza mwenyewe kama atakuja, na hilo lilikuwa jambo la kuogopa, maana mzee yule nyumba yake aliijenga kwa mikono yake na kila tukigusia habari ya kuhama alikuwa anagonga mbili kabla swali halijaisha.

Shangazi alitutahadharisha. "Msimkurupushe," alisema. "Nimeshamwambia mtamuuliza. Anafikiri. Mkimpigia nitawaachia chumba, hayo ni yenu baba na mwana."

Basi tukampigia Jumamosi, mchana, sote wawili tumekaa kwenye kile kitanda kipya.

"Shikamoo, Baba. Unanisikia?"

Kimya.

"Baba, ni mimi. Unanisikia?"

Kimya. Nikamtazama mume wangu, naye anatazama kompyuta aliyoiweka magotini. Yeye hampigii baba yake kama watu wengine wanavyopiga, anapiga huku anapima.

"Labda hasikii," nikasema chini chini.

"Anasikia. Ona." Akanionyesha mistari ya kijani. "Hakuna kilichopotea njiani. Sijawahi kupata laini safi kama hii na nyumbani."

Na kweli ilikuwa safi. Siku zote ukimpigia mzee ulikuwa unasikia pumzi zake, ile filimbi nyembamba ya koo lililopasuliwa, na kuku, na mtu anapita nje. Siku ile hakukuwa na chochote. Mimi nilidhani ameziba kile kidude cha kuongelea kwa makusudi.

Mume wangu akasema alichokuja kusema. Alikuwa amekiandaa, na alikisema vizuri, akamweleza habari za chumba na pazia na kwamba watoto wetu wanamsubiri. Akamaliza, "Baba, utakuja ukae na sisi?"

Hakuna kitu.

"Baba, ukitaka muda wa kufikiri, gonga tu nijue upo."

Hakuna kitu. Akauliza mara ya tatu, sauti imeanza kumbadilika, na mimi nikaweka mkono mgongoni kwake. Nilikuwa nimemkasirikia mzee. Niseme ukweli wangu, nilimkasirikia sana. Nilisema moyoni, hata mbili amemnyima mwanawe.

"Basi, Baba," mume wangu akasema. "Nimekuelewa. Sitakulazimisha. Tusahau hayo mambo."

Akakata. Akabaki amekaa pale, mistari yake ya kijani inamwakia usoni. Baadaye shangazi akatupigia kwa simu yake na kusema mzee amemfanyia mkono, ule wa yaishe, akaingia karakana na kufunga mlango. "Ameamua kubaki," shangazi akasema. "Tumempata mpangaji wa chumba cha mbele, naye amekubali kumwangalia na kumpikia. Msimwandame tena."

Hatukumwandama. Mume wangu alimpigia mara chache, akamsalimu, akaongea mwenyewe habari za watoto na hali ya hewa, hakujibiwa, akaaga. Akawa mkali nyumbani. Akawa anawafokea watoto kwa makosa ya kawaida ya watoto. Mimi nikairudisha cherehani chumba kidogo, nikaweka vitambaa juu ya kitanda cha mzee, na kila nikivitoa na kuvirudisha nilikuwa namlaumu mtu aliyekuwa mbali na asiyeweza kunijibu.

Kisha akatokea mwalimu wa muziki.

Huyu alikuwa mama mmoja anayefundisha watoto wadogo kwa njia ya simu, na alikuwa mteja wao wa siku nyingi. Akaandika malalamiko. Anasema anawaambia watoto wapige makofi kufuata mdundo, anaona kwenye malalamiko ya wazazi kwamba wamepiga mpaka viganja vimewaka, lakini yeye hasikii hata kofi. Akaandika tena, na tena, kila barua kali kuliko ya kwanza. Mume wangu alikuwa ananisomea kwa sauti ya kumkejeli.

"Simu ni ya kuongea," akasema. "Anataka makofi, awaite nyumbani kwake."

"Mjibu basi."

"Nimjibu nini? Kitu kinafanya kazi yake."

Lakini bosi akamtaka amjibu kwa adabu na kwa ushahidi. Kwa hiyo siku moja jioni, kabla ya chakula, nikiwa nakata kitambaa, mume wangu akaniletea simu yangu na kuiweka juu ya meza yangu. Akaniambia yeye atakuwa sebuleni anasikiliza, mimi nipige makofi, kisha nigonge meza, kisha nikae kimya, ili aandike ripoti.

"Mimi nina kazi," nikamwambia.

"Dakika moja tu, mke wangu."

Nikapiga makofi. Nikajiona mjinga, mtu mzima nimesimama peke yangu chumbani najipigia makofi. Halafu nikagonga meza. Sikufikiria nagongaje. Nilikunja kidole nikagonga kwa kifundo, mara moja, ile tok ya ndiyo, kwa sababu ndiyo niliyoizoea masikioni. Nikangoja. Nikagonga tena mara moja. Nikaenda sebuleni kuona kama amemaliza.

Alikuwa ameegemea kiti, ameridhika. Ule mstari kwenye kompyuta yake ulikuwa umelala bapa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Safi kabisa," akasema. "Kimefuta vyote."

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu. Ndiyo nakwambia kinafanya kazi."

"Mimi nimekwambia ndiyo."

"Umesema saa ngapi? Hujasema kitu."

"Nimegonga mara moja," nikasema. "Ile moja ya ndiyo. Kisha nikairudia, na hukunisikia."

Alikuwa bado anatabasamu. Nililiona lile tabasamu likikaa usoni kwake muda kidogo baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake. Kisha akavua vifaa vya masikioni taratibu, akaviweka mezani, na akashika kichwa. Nilikuwa nataka kumwambia mengi, na nilikuwa na haki, lakini yote nisingeyasema bila kujisema na mimi, niliyekaa pembeni yake kwenye kitanda kile nikimtukana mzee wa watu moyoni.

Mtu mwingine hapo angemkimbilia baba yake. Mume wangu alikimbilia ofisini. Nilimwambia ampigie mzee kwa simu ya kawaida usiku uleule, akasema hapana, kwanza atakitoa kile kitu, kilaaniwe, atakitoa kwa wote, kisha atampigia baba kwa laini ileile ili mzee asikie mwenyewe kwamba imepona. Kwake yeye kuomba msamaha kabla ya kurekebisha ni maneno matupu. Hivyo ndivyo alivyo, na mimi sijui kama ni uzuri au ni ugonjwa.

Asubuhi akaingia kwa bosi. Haya nayasema kama alivyonisimulia, na siku ile alisimulia bila kuruka kitu, akizunguka sebule yetu huku anagonga magoti kwenye stuli.

"Tukiondoe?" bosi alisema. "Kijana wangu, unaumwa?"

"Kinafuta watu."

"Kinafuta kelele. Umekiandika wewe mwenyewe. Wateja wanatusifu."

"Kuna watu kelele ndiyo sauti yao."

"Wangapi?"

Mume wangu akasema anamjua mmoja. Bosi akauliza ni nani, akaambiwa. Siyo mtu mbaya, akauliza hali ya mzee. Halafu akasema haiwezekani kuwarudishia wateja wote honi na majenereta kwa ajili ya mzee mmoja na mwalimu wa makofi. Labda kwenye toleo lijalo wataweka kitufe cha kukizima, anayetaka azime. Lijalo lini? Ikipatikana nafasi. Mume wangu akasema mzee haoni vitufe. Bosi akasema basi shangazi atambonyezea. Mume wangu akasema shangazi anahama, na kwamba mzee anabaki kule kwa sababu ya, na hapo akashindwa kumaliza sentensi mbele ya bosi wake, akatoka.

"Kile kitu nimekijenga mimi," aliniambia. "Kila mstari. Na siruhusiwi kukigusa."

"Sasa utampigia kwa simu ya kawaida, au utanisubirisha na mimi toleo lijalo?"

Alinitazama kwa hasira. Nikamtazama kwa hasira vilevile. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na programu na mistari ya kijani, na mwanamume mwenye akili ya kuunganisha sauti za dunia nzima ambaye hawezi kubonyeza namba ya baba yake.

Tukampigia shangazi kwanza, kwa simu ya kawaida, tukiwa tumewasha spika. Alikuwa ameshafunga mizigo, watoto wake wanamfuata keshokutwa. Mtandao wa simu za kawaida kule unakamata vizuri karibu na geti tu, kwa hiyo tulimwomba amtoe mzee nje na kumwekea kiti na kistuli cha kugongea. Alilalamika kuhusu miguu yake lakini akafanya. Tukasikia kistuli kikiburutwa. Tukasikia shangazi akimwambia, "Ni mwanao, huyu hapa," na viatu vyake vikiondoka kwa taabu.

Kisha ikaja pumzi ya mzee. Mume wangu alipoisikia ile filimbi ya koo alifumba macho. Laini yenyewe ilikuwa mbovu, inakwaruza na kupandisha na kushusha, na nilijua kwamba kazini wangemfukuza mtu aliyeleta laini ya namna ile.

"Shikamoo, Baba. Unanisikia?"

Tok.

Nilimshika mume wangu mkono.

"Baba, chumba chako bado kipo. Nataka kukuuliza tena. Utakuja ukae na sisi?"

Tok, tok.

Haikuwa ya hasira. Hasira yake naijua. Hii ilikuwa ya mtu anayepima ubao anaoujua urefu wake.

"Baba, nisikilize. Siku ile nilipokuuliza, ulinijibu. Sivyo? Uligonga."

Tok.

"Mara moja? Uliniambia ndiyo?"

Ilichelewa kidogo. Tok.

"Ukagonga kila nilipouliza."

Tok.

"Na mimi nikakwambia basi, nimekuelewa, sitakulazimisha."

Tok.

Nilielewa wakati uleule na mume wangu. Mzee yule aliyejenga nyumba yake mwenyewe alikaa mbele ya meza yake akakubali kuiacha. Akakubali mara ya kwanza, akasikia mwanawe anauliza tena kana kwamba hakusikia. Akakubali mara ya pili, na ya tatu. Kisha mwanawe akamwambia kwa sauti ya upole kwamba tusahau hayo mambo. Mtu yeyote angefahamu hapo kwamba mwana amealika kwa mdomo, na alipokubaliwa akaogopa. Ndipo alipomfanyia shangazi mkono wa yaishe, ili mwanawe asiaibike mbele za watu.

Mume wangu akaanza kueleza. Jamani, mume wangu na kueleza kwake. Akasema habari za kisafisha, kwamba kinasikiliza sauti na kuchagua, kwamba kinapitisha mtu anayeongea na kufuta kinachogonga, kwamba yeye ndiye aliyekiandika lakini hakujua, na kwamba vipimo vilimwonyesha laini ni nzima lakini hakumsikia. Kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyosikia inavyosikika kule kwenye geti. Alijua baba yake anaongea kwa kugonga, akatengeneza mashine ya kufuta kugonga, akaiweka kwenye simu ya baba yake, na hakujua. Mimi niliyekuwepo siku zote, niliyeitengenezea mashine ile kelele zake kwa miguu yangu mwenyewe, nikawa naiona kama hadithi ya mtu anayejitafutia mlango wa kutokea. Kila neno lilikuwa kweli.

"Waulize wengine, Baba," akasema. "Kuna mwalimu, makofi yake yote yalifutwa. Mke wangu yuko hapa, amegonga chumba cha pili na sikumsikia. Sikukukataa. Naapa sikukusikia."

Nikaisogelea simu. "Ni kweli, Baba," nikasema. "Nilikuwepo."

Mzee hakugonga.

"Baba," mume wangu akasema, "unaniamini?"

Tukasikiliza. Tulisikia ufagio wa shangazi uani. Tulisikia mtu anapita barabarani na kusalimu, na kiti cha mzee kikilia alipokaa vizuri. Tulisikia pumzi zake, zinaingia na kutoka, hakuna hata moja iliyopotea njiani. Mume wangu aliinua simu akaangalia kioo kama imekatika, na haikuwa imekatika.